Kiumbe Asiye na Jina: Uhakiki wa Hadithi Tatu za Uhai wa Kubuniwa

Utangulizi

Maswali kuhusu mashine zinazozungumza na kuandika kana kwamba zina akili yameingia katika madarasa ya theolojia na katika sharika zetu. Mwanafunzi huuliza kama mashine yaweza kuwa na roho. Mzee wa kanisa huuliza kama si dhambi kutengeneza kitu kinachomwiga mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Mara nyingi jibu linalotolewa kwa haraka ni moja tu: mwanadamu amejifanya Mungu, naye atatawanywa kama walivyotawanywa wajenzi wa mnara wa Babeli (Mwa. 11:1-9). Kisha, ili kulitia jibu hilo nguvu, hutajwa jina la Frankenstein, jina ambalo wengi wamelisikia lakini wachache wamekisoma kitabu lilimotoka.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kazi tatu za fasihi zinazosimulia habari za uhai uliotengenezwa na mwanadamu. Ya kwanza ni riwaya ya Frankenstein ya Mary Shelley, iliyotolewa mwaka 1818. Ya pili ni tamthilia ya R.U.R. ya Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920. Ya tatu ni riwaya ya Klara and the Sun, yaani Klara na Jua, ya Kazuo Ishiguro, iliyotolewa mwaka 2021. Kazi hizi zimepishana kwa karne moja moja, na kila moja imeandikwa kwa hofu na matumaini ya wakati wake.

Hoja yetu ni kwamba kazi hizi hazisemi hasa juu ya dhambi ya kutengeneza. Zinasema juu ya dhambi ya kutengeneza na kuacha. Ili kulionyesha jambo hilo tutatumia kipimo kinachojulikana na kila msomaji wa Luther, nacho ni hoja ya 28 ya Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518. Hapo Luther anatofautisha pendo la Mungu na pendo la mwanadamu. Pendo la mwanadamu huamshwa na kitu ambacho tayari kinapendeza. Pendo la Mungu halimngojei mtu awe wa kupendeza. Linamfanya apendeze kwa kumpenda. Tutaona kwamba tofauti hiyo inafungua mengi katika hadithi hizi tatu.

1. Frankenstein: muumbaji aliyekimbia

Mary Shelley alizaliwa London mwaka 1797, binti wa William Godwin na Mary Wollstonecraft, wote wawili wakiwa waandishi mashuhuri. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa. Mwaka 1815 yeye mwenyewe alizaa mtoto wa kike kabla ya wakati. Mtoto huyo alifariki baada ya siku chache, wala hatuna habari kwamba alipewa jina. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 18, alikuwa karibu na ziwa la Geneva pamoja na Percy Bysshe Shelley, Lord Byron na daktari John Polidori. Kiangazi hicho kilikuwa cha baridi na mvua, kutokana na mlipuko wa mlima Tambora huko Indonesia mwezi Aprili 1815. Wakiwa wamefungiwa nyumbani na hali ya hewa, walikubaliana kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Hatupendi kueleza kila kitabu kwa misiba ya mwandishi wake. Hata hivyo si jambo dogo kwamba kitabu kinachohusu kiumbe asiye na mama wala jina kiliandikwa na binti aliyekuwa ameyajua yote mawili.

Mhusika mkuu ni Victor Frankenstein, kijana wa Geneva anayekwenda kusoma Ingolstadt, mji ambamo Johann Eck, mpinzani wa Luther katika mjadala wa Leipzig wa mwaka 1519, alikuwa mwalimu. Victor anajifunza kemia na elimu ya mwili, kisha anakusanya viungo vya wafu na kutengeneza mtu. Wasomaji wengi hutazamia maelezo marefu ya namna uhai ulivyotiwa. Hayapo. Mwandishi anapita hapo upesi mno, kana kwamba anatuambia kwamba siyo shida yake. Anachokieleza kwa makini ni yale yanayofuata.

Victor alikuwa amechagua kila kiungo ili kiwe kizuri. Alitaka nywele nyeusi zenye kung'aa na meno meupe. Lakini usiku ule wa Novemba jicho la kiumbe lilipofumbuka, uzuri wote uligeuka kuwa wa kuchukiza machoni pake, naye akakimbilia chumba cha kulala. Kiumbe akamfuata mpaka kitandani, akanyosha mkono. Victor akakimbia tena. Hapa ndipo ilipo dhambi ya kitabu hiki. Victor alimpenda kiumbe wake kwa kadiri alivyodhani atapendeza. Alipoona hapendezi, pendo likafa. Ni pendo lile lile ambalo Luther alilieleza kuwa ni la mwanadamu, nalo limetiwa katika nafasi ambayo lingetakiwa pendo la namna nyingine.

Msomaji wa Biblia atalinganisha tendo hilo na Mwa. 3:21. Adamu na Hawa wameasi, nao wanaona haya kwa uchi wao. Kabla ya kuwatoa bustanini, Bwana Mungu anawafanyia mavazi ya ngozi na kuwavika. Muumba wa mbingu na nchi anashona nguo za viumbe waliomwasi. Victor, ambaye kiumbe wake hakuwa bado amefanya kosa lolote, anamwacha uchi na kwenda kutembea uani gizani. Wala hampi jina. Katika kitabu kizima kiumbe huyo haitwi kwa jina hata mara moja, na watu wa kizazi cha baadaye wamekuwa wakimwita kwa jina la baba aliyemkana.

Kiumbe anajifunza kusema kwa kuisikiliza familia ya De Lacey kupitia ufa wa ukuta, wakati Safie, mgeni kutoka Uturuki, anapofundishwa Kifaransa. Anaokota vitabu, na kimojawapo ni utenzi wa John Milton kuhusu anguko la mwanadamu. Anajilinganisha na Adamu, kisha anaona kwamba hali yake inafanana zaidi na ya Shetani, kwa maana Adamu alizungumza na Muumba wake. Siku moja anaingia kwa mzee De Lacey, ambaye ni kipofu, na mzee anamsikiliza kwa upole. Wenye macho wanaporudi, kijana Felix anampiga kwa fimbo. Kipofu peke yake ndiye aliyemwona kuwa mtu.

Haifai kumfanya kiumbe huyo kuwa mtakatifu. Anamnyonga William, mtoto mdogo ambaye hakumkosea neno. Baadaye anamwua Clerval na Elizabeth. Shelley hamhesabii haki kwa sababu ya mateso yake. Lakini anaonyesha jinsi uovu unavyolelewa, na katikati ya kitabu ameweka habari ambayo kila mchungaji apaswa kuisoma. Justine, mtumishi wa nyumba ya Frankenstein, anashtakiwa kwa mauaji ya William bila hatia. Muungamishi wake anamsonga na kumtishia kutengwa na kanisa na moto wa jehanamu, mpaka anakiri kosa ambalo hakulitenda, apate ondoleo la dhambi. Ananyongwa. Victor anamjua mwuaji wa kweli, wala hasemi. Kwa hiyo katika kisa kimoja tunaona mwanasayansi aliyenyamaza na mtumishi wa kanisa aliyetumia maungamo kama nyundo. Wanaotumia kitabu hiki kuwahukumu wanasayansi peke yao wameiruka sura hiyo.

Wanaohubiri kuhusu kiburi hawana budi kukubaliwa sehemu ya hoja yao. Katika utangulizi wa toleo la mwaka 1831 Shelley mwenyewe alieleza hofu ya mwanadamu anayeiga kazi ya Muumba. Naye Victor anapotaja shauku yake ya kusifiwa na jamii mpya ya viumbe kuwa ndiye chanzo chao, tunasikia sauti ya nyoka wa bustanini. Lakini kiburi hicho kinathibitika pale anapotaka sifa za baba bila kubeba mzigo wa baba. Kasoro ya riwaya, kwa maoni yetu, iko kwingine. Wanawake wake wanakufa wakiwa wamesema machache, na Margaret, anayeandikiwa barua ambazo ndizo kitabu chenyewe, hatusomi jibu lake hata moja. Katika kitabu kinacholaumu kutosikilizwa, hilo ni pengo.

2. R.U.R.: kazi bila jirani

Tamthilia ya Čapek ilionyeshwa katika Ukumbi wa Taifa wa Prague mwezi Januari 1921, ikalipa ulimwengu neno "roboti". Neno hilo lilipendekezwa na Josef, ndugu wa mwandishi, kutoka neno la Kicheki robota, yaani kazi ya lazima ambayo wakulima walitakiwa kumfanyia bwana wa ardhi. Kiswahili hakina haja ya kuelezwa sana jambo hilo, kwa kuwa tunalo neno "shokoa", na wenyeji wa Tanganyika walilijua kwa migongo yao katika mashamba ya pamba ya Wajerumani kabla ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905-1907. Anayetamka "roboti" anataja shokoa, ajue asijue.

Roboti wa Čapek hawakutengenezwa kwa chuma. Wamekandwa kwa kitu kinachofanana na nyama, katika kiwanda kilicho kisiwani. Mzee Rossum, ambaye jina lake kwa Kicheki linakumbusha neno la akili, alitaka kuumba mtu ili athibitishe kwamba Mungu hahitajiki. Hapa wahubiri wa Babeli wangepata mfano wao ulio bora. Lakini tuangalie: Čapek anampitia mzee huyo kwa maneno machache ya kuchekesha, naye alishindwa. Aliyefanikiwa ni Rossum kijana, mhandisi, ambaye hakuwa na ugomvi na Mungu wala haja naye. Yeye alitaka mfanyakazi wa bei rahisi, akaondoa katika mwili wa mtu kila kisichohitajika kazini, kama vile furaha na kupiga fidla. Ulimwengu unaangamizwa na hesabu za faida, si na mkana Mungu. Hata Busman, mtunza fedha wa kiwanda, anakiri mwishoni kwamba hawakuongozwa na ndoto kubwa. Waliongozwa na oda za wanunuzi.

Mkurugenzi Domin ana shabaha iliyo nzuri kwa nje. Anataka kuiondoa laana ya Mwa. 3:19, watu wasile tena kwa jasho la uso wao. Alquist, msimamizi wa ujenzi, ndiye peke yake anayepinga, akisema kwamba palikuwa na jambo jema katika kutumikia na katika kuchoka. Hatuna budi kuwa waangalifu hapa. Kanisa lisije likasifu jasho la maskini kutoka kitini penye kivuli. Anayebeba maji kichwani kilomita kadhaa hahitaji kuambiwa kwamba mzigo una baraka, anahitaji bomba. Lakini Domin hakusudii bomba. Anakusudia mtu asiyehitajiwa na mtu mwingine yeyote. Katika kitabu chake cha Uhuru wa Mkristo cha mwaka 1520, Luther anafundisha kwamba Mkristo haishi ndani ya nafsi yake; huishi katika Kristo kwa imani na katika jirani kwa upendo. Wito wa mtu ni mahali ambapo jirani hukutana na mkono wake. Domin akiisha kuondoa kazi zote, ameondoa pia mahali hapo. Čapek anaionyesha hasara hiyo kwa ishara moja ya kutisha: wanadamu wanaacha kuzaa watoto.

Roboti wanaasi, wanawaua watu wote, wanambakiza Alquist kwa sababu anafanya kazi kwa mikono yake kama wao. Hati yenye siri ya kuwatengeneza imekwisha kuchomwa moto na Helena, mke wa Domin, nao hawawezi kuzaliana. Mwishoni wapo roboti wawili, Primus na mwingine anayeitwa pia Helena. Alquist anasema atampasua mmoja wao ili kuchunguza siri ya uhai. Kila mmoja anajitoa afe badala ya mwenzake. Hapo Alquist anatambua kwamba watu wapya wamepatikana, anawaacha waende kama Adamu na mkewe, naye anasoma habari za uumbaji na kusema maneno ya mzee Simeoni (Lk. 2:29-32), ambayo tunayajua katika liturgia.

Wahakiki wengine wameuona mwisho huu kuwa mwepesi. Tunakubali kwamba watu wa tamthilia hii ni kama vinyago, kila mmoja akibeba fikra moja tu, na kwamba hatuonyeshwi upendo huo ulitoka wapi. Hata hivyo twaona Čapek ametambua jambo la kweli. Roboti walikuwa na akili tangu mwanzo. Walihesabu na kukumbuka kuliko watu. Hilo halikuwafanya kuwa watu. Kilichowabadilisha machoni pa Alquist ni utayari wa kuutoa uhai kwa ajili ya mwingine (Yn. 15:13). Anayepima utu kwa akili atalazimika siku moja kuwavua utu wagonjwa wa akili na wazee waliosahau majina ya watoto wao. Tamthilia hii ya zaidi ya miaka mia moja inakataa kipimo hicho.

3. Klara na Jua: upendo ulionunuliwa

Ishiguro alizaliwa Nagasaki mwaka 1954, akalelewa Uingereza, akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2017. Katika riwaya yake anayesimulia ni mashine yenyewe. Klara ni rafiki wa kutengenezwa anayeuzwa dukani ili awe mwenzi wa mtoto. Ananunuliwa kwa ajili ya Josie, msichana mgonjwa. Ugonjwa wake umetokana na uamuzi wa wazazi kumbadilisha kwa njia za kitaalamu ili afaulu masomoni; dada yake, Sal, alikwisha kufa. Nguvu za Klara zinatoka katika mwanga wa jua, kwa hiyo analifikiri Jua kuwa lenye fadhili na uwezo wa kuponya. Anakwenda kwenye banda la jirani, mahali ambapo anadhani Jua hupumzika jioni, na kumwombea Josie.

Wanafunzi wa theolojia watapata hapa mfano mzuri wa kuchambua. Maombi ya Klara ni ya kweli, naye haombi kitu kwa ajili yake mwenyewe. Lakini yamejengwa juu ya mapatano: anaahidi kuharibu mashine inayotoa moshi na kulizuia Jua, na kwa ajili hiyo anakubali kutolewa sehemu ya majimaji yaliyo kichwani mwake, ingawa yatampunguzia uwezo. Anaiharibu, kisha inakuja nyingine. Hatimaye Josie anapona siku mwanga ulipojaa chumbani, na mwandishi hatuambii kama ni kwa sababu ya maombi. Dini ya Klara ni dini ya nadhiri na malipo, dini ambayo mwanadamu huibuni kila mahali asiposikia Injili. Ishiguro haidhihaki, nasi hatuna sababu ya kuidhihaki. Ila twaona kwamba mwombaji mwema namna hii hajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba anapendwa bure.

Kiini cha riwaya kiko kwa mama. Kwa hofu ya kumpoteza Josie, amemwajiri bwana Capaldi atengeneze mwili unaofanana na mtoto wake. Iwapo Josie atakufa, Klara aingie katika mwili huo na kuwa Josie. Capaldi anaamini kwamba hakuna kitu ndani ya mtu kisichoweza kunakiliwa. Mwishoni Klara, akiwa ametupwa katika uwanja wa mashine zilizochakaa, anatoa hukumu yake: Capaldi alitafuta mahali pasipo penyewe. Kile cha pekee hakikuwa ndani ya Josie. Kilikuwa ndani ya wale waliompenda.

Kauli hiyo inakaribia sana hoja ya 28. Thamani ya mtu haimo katika sifa ambayo mchunguzi aweza kuipata kwa kupasua. Imo katika pendo linalomshika. Lakini Klara anafika katikati ya njia tu. Upendo wa mama, wa baba na wa rafiki una mwisho. Wapendao nao hufa. Itakuwaje kwa yule asiye na wa kumpenda? Itakuwaje kwa Klara mwenyewe, ambaye amependa kuliko wote katika kitabu, na sasa amekaa juu ya ardhi ngumu akipanga kumbukumbu zake? Theolojia haiwezi kuishia kwa wapendao wa kibinadamu. Inamkiri Mungu ambaye pendo lake lilimtangulia aliyependwa.

Tuna lawama moja kwa riwaya hii. Klara ni mpole mno. Hamlaumu mtu, hata anapowekwa katika chumba cha vyombo na kisha kutupwa. Upole wa mtumishi unaweza kuwa faraja ya hatari kwa bwana wake. Kiumbe wa Shelley alimkabili muumbaji wake juu ya barafu ya milima ya Alpi na kudai asikilizwe. Klara hadai. Msomaji hana budi kudai kwa niaba yake, asije akafunga kitabu akiwa na huzuni tamu tu.

4. Mambo matatu kwa utumishi wetu

Hatudai kwamba mashine za leo ni viumbe wenye roho. Kiumbe wa Shelley, roboti wa Čapek na Klara ni watu wa sanaa, walioumbwa na waandishi ili tujitazame. Kwa hiyo yafaa tujiulize wanatufundisha nini sisi tulioitwa kuhubiri na kuchunga.

Kwanza, tumwulize kila mtengenezaji swali la Ingolstadt: baada ya kutengeneza, nani atakaa na matokeo? Swali hilo ni zito kuliko lile la kiburi, kwa sababu halimwachi mtu yeyote nje. Linamhusu mwenye kampuni, linaihusu serikali, linamhusu na mzazi aliyezaa na kukimbia. Katika sharika zetu wapo watoto wasiotambuliwa na baba zao. Tusiwe wakali kwa maabara ya mbali na wapole kwa nyumba ya jirani.

Pili, tuitafute shokoa iliyofichwa. Mwaka 2023 vyombo vya habari vya kimataifa vilieleza kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 za Marekani kwa saa kwa kazi ya kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na uchafu, ili programu ya akili mnemba ijifunze kuyaepuka. Baadhi yao walieleza jinsi kazi hiyo ilivyowaumiza nafsi. Mashine inayosema kwa adabu imefundishwa adabu na mtu aliyesoma matusi kutwa nzima. Tunapouliza kama mashine ina roho, tusimsahau huyo ambaye hatuna shaka kwamba anayo. Sheria aliyeulizwa juu yake Bwana wetu haikutatuliwa kwa kufafanua jirani ni nani, ilitatuliwa kwa kumtazama aliyelala njiani (Lk. 10:29-37).

Tatu, tujue kazi gani haiwezi kukabidhiwa. Zipo sasa programu zinazoiga usemi wa marehemu kutokana na maandishi aliyoyaacha, na wafiwa wengine huzungumza nazo. Ni ndoto ya mama yake Josie. Mchungaji asianze kwa kumkemea mfiwa huyo. Aende kwake, aketi, amtaje marehemu kwa jina lake la ubatizo, na kumshuhudia Mungu anayefufua, asiyetupa nakala badala ya mtu. Vivyo hivyo kwa mahubiri. Wapo wanaotumia mashine kuyaandaa. Chombo si haramu. Luther mwenyewe aliandika postila kwa ajili ya wahubiri waliohitaji msaada. Lakini mhubiri aliyesaidiwa na postila alisimama bado mbele ya watu aliowajua, akimjua nani amefiwa na nani ana njaa. Mahubiri ambayo hakuna aliyeyawazia nyuso za wasikilizaji ni kazi bila jirani, nayo ndiyo ndoto ya Domin ikiwa imevaa joho.

Hitimisho

Tumeona kwamba Shelley, Čapek na Ishiguro, kila mmoja kwa njia yake, wamelisogeza swali. Sisi huuliza kama mwanadamu ana ruhusa ya kutengeneza kinachofanana na uhai. Wao wanauliza kama anao upendo wa kutosha kwa wale ambao kazi ya mikono yake inawagusa. Victor hakuwa nao, Domin hakuuona umuhimu wake, na mama yake Josie alikuwa nao lakini ukageuka kuwa hofu.

Tunapendekeza kazi hizi zisomwe katika vyuo vyetu pamoja na somo la maadili, na zisomwe zenyewe, si kwa kusimuliwa tu. Anayezisoma hatapata humo Injili, kwa kuwa hazikuandikwa kuihubiri. Atapata maelezo ya kweli ya mahali ambapo Injili inahitajika. Mahali hapo ni pa yule aliyeletwa duniani na wengine, akatumiwa, akaonekana hapendezi, akaachwa bila kuitwa. Sisi tumekabidhiwa maji na Neno, na tunapobatiza, jambo la kwanza tunaloliuliza kwa wazazi ni jina la mtoto.